Nyumba ya Babu Hailali

Nilimwambia bibi yangu kwamba amesahau. Nianze na hilo, maana ndilo la kijinga kuliko yote niliyoyafanya mwaka ule, na mwaka ule haukuwa na uhaba wa ujinga. Tulikuwa tumekaa kwenye busati ukumbini, kompyuta juu ya kigoda mbele yetu, bibi kaegemea mito yake. Nami, kwa sauti ya mtu aliyefika kidato cha nne akadhani elimu imeishia pale, nikasema: "Bibi, mashine haikosei. Labda umesahau."

Bibi hakuwa amesahau kitu. Lakini ili mnielewe nilivyofika hapo, itabidi niwape habari za nyumbani kidogo, halafu za kompyuta kidogo. Za kompyuta nitazifupisha, msinikimbie.

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wa Bagamoyo wakitoka jioni kwenda kupunga upepo, mimi upepo naungoja dirishani, utanikuta. Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio za watu, na meza ya kazi ipo hapo hapo dirishani, kwa hiyo hata mteja ndiye anayenifuata. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo ambaye ulimi wake haujawahi kupata mafua, ananiita mwali. Kwetu mwali ni binti aliyevunja ungo, akawekwa ndani kufundwa mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mimi nina ndevu. Haimsumbui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwali. Unatolewa lini, tukate sare mapema?"

Hiyo ndiyo salamu yetu, kila akipita na ndoo yake.

Ndani humo naishi na bibi, mzaa baba. Yeye na marehemu babu walikuwa na jambo lao: wakishaswali alasiri, waliketi uani wakacheza bao. Wanaume wa mtaani walikuwa wakipita wanaguna, mwanamke na bao wapi na wapi, na wengine walikaa kumjaribu wakaondoka wanajikuna. Babu alifungwa na mkewe mara nyingi kuliko alivyomfunga, na sijapata kumwona mtu aliyefurahi kufungwa kama yule mzee. Mimi nilikuwa nikiwatazama kupitia dirishani, bila shaka. Kucheza sijui mpaka leo.

Babu alipotangulia, ubao ulipandishwa juu ya kabati, komwe, zile kete zake, zikafungwa kwenye mfuko wa kitambaa. Baadaye bibi akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, akawa anaubeba kwa ule wa kushoto kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa. Daktari alisema mkono huenda ukarudi, huenda usirudi, lakini kichwa hakijaguswa. Bibi alilishika neno lile. Kila aliyekuja kumjulia hali alipewa: "Mkono umekwenda, kichwa kipo." Aliwaambia hata ambao hawakuuliza.

Siku moja aliniomba nimteremshie zile komwe. Akatia mkono wa kushoto mfukoni, akachota, zikammwagika zote kwenye busati, nyingine zikaingia chini ya kitanda. Akazitazama. "Zirudishe," akasema, kisha akageukia ukutani.

Mimi nikaenda kuwasha kompyuta.

Hapa ndipo habari za kompyuta zinapoingia. Pembeni mwa kazi ya simu najiandikia programu. Nilijifundisha mwenyewe kwa video za bure na subira ya mtu asiyekuwa na pa kwenda. Nikaona nitamtengenezea bibi bao ndani ya mashine, aseme tu shimo analotaka, komwe zitembee zenyewe. Na mpinzani wake awe babu. Yaani si bao tu, bali mchezaji mwenye tabia zote za babu, atakazonisimulia bibi.

Nilitumia lugha mbili. Ubao wenyewe, mashimo na komwe na sheria zote, niliuandika kwa C++. Hii ni lugha inayopikwa: ukishaandika, kuna programu inaitwa kompaila inayoyachukua maandishi yako na kuyapika yote mpaka yawe chakula cha mashine. Kikiiva kinakwenda kasi ajabu, lakini mapishi yana muda wake, hasa kwenye kompyuta yangu ambayo chumvi ya baharini imeshaila matundu yake ya pembeni. Naweza kuipa kazi ya kupika nikaenda kununua mihogo ya kukaanga nikarudi, bado inahema. Tabia za babu nikaziandika kwa Python, lugha isiyopikwa. Mashine inaisoma mstari kwa mstari vilevile ulivyo. C++ ndiyo wali, Python ni ndimu unayoikamulia mezani. Nilitaka bibi aniambie, "Hapo babu yako asingefanya hivyo," nami nibadilishe pale pale.

Akanisimulia. Zilikuwa siku nzuri zile, pengine nzuri kuliko zote tangu mkono ule ulegee. Alikuwa anacheka peke yake kabla hajafika kwenye kisa.

"Babu yako mroho," alisema. "Nyumba yake hailali."

Nieleze. Kwenye bao kila mchezaji ana shimo moja la pembe nne linaloitwa nyumba, na humo komwe hulundikana. Ukiwa unasambaza komwe, moja kila shimo, ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, una hiari: unailaza nyumba, yaani unakomea hapo, au unaisafirisha, yaani unazoa zote zilizomo na kuendelea nazo mbele. Wenye hekima huilaza, maana nyumba ndiyo akiba yao. Babu hakuwahi.

"Hata siku moja, bibi?"

"Hata siku moja. Kwanza anakohoa, hivi, kama mtu anayepiga hodi. Halafu anazoa zote. Namwambia, mume wangu, nyumba hiyo. Hanisikii. Nakuja namla mpaka vumbi."

Nikaandika kwenye Python: nyumba isafiri, ndiyo. Ikawa ndiyo tabia ya kwanza ya babu.

Sasa, kule kwenye C++ niliupa ubao amri tatu, na zote nikaziita jina moja: *cheza*. Moja inapokea namba ya shimo peke yake. Ya pili inapokea shimo na upande wa kusambazia, nao niliuandika kwa namba, sifuri kushoto na moja kulia. Ya tatu inapokea shimo na jibu la ndiyo au hapana, kuhusu nyumba kusafiri. Kuzipa jina moja si kosa. Kompaila haichanganyikiwi hata kidogo; inakutazama umekuja na nini mkononi, inajua unamtaka nani.

Tatizo ni kwamba Python haiwezi kuingia jikoni kwa C++ yenyewe. Lazima awepo wa kwenda na kurudi katikati, nami kila nikimfikiria namwona kama mshenga. Unamwandikia mshenga: Python wakitaja jina hili, wewe kawaletee amri ile kutoka kwa wenzao. Nikaandika: wakisema *cheza*, walete *cheza*. Kompaila ikagoma, ikajaza kioo malalamiko. Ilikuwa na haki. Nilikuwa nimemtuma mshenga kwenye nyumba yenye mabinti watatu wa jina moja, bila kumwambia anamposa yupi. Ilibidi nimtaje kila mmoja kwa nasaba yake: *cheza* ya Ubao inayopokea namba tupu, *cheza* ya Ubao inayopokea namba na namba, *cheza* ya Ubao inayopokea namba na ndiyo-au-hapana. Mistari mitatu, mmoja chini ya mwenzake. Kompaila ikatulia, nami nikaenda kula nikiwa nimejipa moyo kwamba nimekuwa fundi.

Siku ya kwanza ya mchezo jirani alikuwepo, kaja na mbuzi yake ya kukunia nazi akae karibu na bibi. Nikaweka kompyuta kwenye kigoda. Bibi akasema shimo, nikabonyeza. Akasema jingine, nikabonyeza. Uso wake ulikuwa umekaa sawa kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Ikafika zamu ya babu, komwe ya mwisho ikaanguka nyumbani kwake, na mimi nikamkonyeza jirani kwamba tazama sasa.

Komwe zilipita kwenye kioo kama siafu. Nilikuwa nimezipa kasi kwa ajili ya mbwembwe.

"Kailaza," bibi akasema.

"Nani?"

"Babu yako. Kailaza nyumba. Tena kaenda kulia."

"Hapana bibi, kaisafirisha. Ndivyo nilivyomwandika."

"Rudia."

Nikarudia. Mimi sikuona kitu, macho yangu hayana mazoea ya bao.

"Kailaza," akasema tena. Safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Huyu si yeye."

Nikafungua yale maandishi ya Python: nyumba isafiri, ndiyo. Sawa. Nikaujaribu ubao wa C++ peke yake, bila Python: nyumba ikasafiri vizuri kabisa. Sawa tena. Huku sawa na kule sawa, sasa kosa liko wapi? Ndipo nikageuka nikamwambia maneno niliyowaambia mwanzoni.

Bibi hakubisha. Angebisha ningepona. Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kisha akasema polepole, "Enhe. Basi na kichwa nacho kimekwenda."

Jirani aliacha kukuna nazi.

Baada ya hapo bibi akaanza kujichunguza. Asubuhi ananiuliza, "Leo siku gani? Usinidanganye." Namsikia chumbani anataja wajukuu zake mmoja mmoja, akifika katikati anarudi mwanzo. Wageni wakija hawapewi tena lile neno la kichwa. Anawaitikia tu na kuinamisha macho. Nilidhani ni uchovu. Hodari wa kutafuta makosa kwenye mashine ndivyo tulivyo, makosa ya sebuleni hatuyaoni.

Jirani ndiye aliyenifungua. Alikuja dirishani bila ndoo, na salamu yangu akaipokea bila kuniita mwali, nikajua leo kuna jambo.

"Bibi yako kaniomba kitu," akasema.

"Kitu gani, mama?"

"Kila ikifika swala nije nikae nyuma yake nimhesabie rakaa. Anaogopa atazikosea. Mwanamke aliyenifundisha mimi kuswali, leo ananiomba mimi nimhesabie." Akanitazama. "Ulimwambia nini wewe na hicho kisanduku chako?"

Nilikwenda kwa bibi nikamwambia akili yake ni nzima, mimi ndiye niliyekosea. "Umekosea wapi?" akauliza. Nikamwambia bado nalitafuta kosa lenyewe. Akanipapasa kichwani kwa mkono wa kushoto. "Usinibembeleze, mume wangu. Nishakubali."

Mume wangu. Ndivyo bibi wa kwetu anavyomwita mjukuu wa kiume. Ni utani wa bibi na mjukuu, na tangu babu aondoke wajukuu wote wa kiume tumekuwa waume zake. Nawaambieni hili kwa sababu ndilo lililoniokoa.

Mwisho wa wiki alikuja ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayefanya kazi Chalinze kwenye gereji ya malori. Ni jitu la mtu, mikono kama mikungu ya ndizi, na huja na kiroba cha machungwa na njaa yake. Alikuwa kajilaza mlangoni pa ukumbi kwenye upepo. Mimi nilikuwa mezani kwangu. Bibi akaita kutoka chumbani: "Mume wangu, njoo unishike mkono huu."

Ilikuwa saa ya kumsugua mkono kwa mafuta ya nazi, kazi ambayo huwa naifanya mimi, na chupa ya mafuta ninayo mimi. Lakini kabla sijainuka, ndugu yangu kashaingia. Nikasikia bibi anapiga kelele, kisha nikaona anapita hewani, kabebwa mzima mzima na mto wake, anapelekwa uani.

"Unanipeleka wapi wewe?"

"Si umeniita nikushike mkono, bibi? Nikajua unataka kutoka juani."

"Nilikuwa namwita wa mafuta."

"Umesema mume wangu. Mimi si mume?"

"Mume, lakini si wa kazi hii."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa mlangoni," ndugu yangu akasema, akamweka kwenye kiti uani kwa upole kama anaweka yai. Bibi alicheka mpaka machozi. Alikuwa hajacheka tangu ile siku ya bao.

Mimi nilibaki nimesimama na chupa ya mafuta mkononi.

Wa mlangoni. Bibi anaita jina moja, waume watatu wanne tunalo, na anayekwenda si yule wa kazi hiyo. Ni wa kwanza anayesikia na kujiona anaifaa. Na mshenga wangu je? Python ikimwambia *cheza*, naye ana amri tatu za jina hilo, anafanyaje? Anazipitia kwa mpangilio niliomwandikia mimi. Ya kwanza: unaweza? Siwezi, hivi ni vitu viwili, mimi napokea kimoja. Ya pili: unaweza? Na ya pili ndiyo ile ya namba na namba, ya kushoto na kulia. Sasa kwenye Python, ndiyo na hapana ni wa ukoo mmoja na namba. Ukiifunua ndiyo ndani, utakuta moja. Ukiifunua hapana, sifuri. Kwa hiyo babu wangu wa kwenye mashine alikuwa akisema, "Nyumba isafiri, ndiyo," na ile amri ya pili, imelala mlangoni kama ndugu yangu, inasikia, "Moja." Moja ni kulia. Inainuka inakwenda kulia, na nyumba inailaza kwa kuwa hakuna aliyeiambia isafiri. Ya tatu, yenye chupa ya mafuta, haikuulizwa hata siku moja.

Bibi aliona kila kitu. Kailaza, tena kaenda kulia. Alinisomea ugonjwa wote kwa maneno manne, nikamwambia amesahau.

Dawa ilikuwa kuuhamisha mstari wa tatu uwe juu ya wa pili. Ile ya ndiyo-au-hapana ni yenye kuchagua. Ukiipelekea namba tupu inasema hii si yangu, apite mwenzangu. Kwa hiyo ikikaa mbele haimdhulumu mtu. Kuhamisha mstari mmoja. Nikaipa kompaila ipike, nikamtuma ndugu yangu mihogo, akaila njiani akarudi na karatasi.

Jioni ile, baada ya alasiri, nikamwomba bibi mchezo mmoja. Hakutaka. Nikamwambia safari hii nimeondoa mbwembwe, komwe zitakwenda polepole, moja moja, naye atahesabu kwa sauti. "Na nikikosea?" akauliza. Nikamwambia tutahesabu wote. Jirani alikuwa ameshakaa na mbuzi yake, maana hizi habari zikiwa na utamu yeye huwa hapangiwi saa.

Tukacheza. Bibi anataja shimo, nabonyeza. Komwe moja, mbili, tatu, anahesabu kwa midomo. Ikaja zamu ya babu, komwe ya mwisho ikaingia nyumbani. Bibi akaacha kuhesabu. Kisha nyumba yote ikazolewa, ikatoka, komwe moja kila shimo, inakwenda zake mbele bila kugeuka nyuma.

"Kaisafirisha," bibi akasema.

"Kaisafirisha, bibi. Na ile siku aliilaza, akaenda kulia, kama ulivyosema. Wewe uliona, mimi sikuona. Niliipanga vibaya mimi."

Aliushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. "Sema tena," akasema, "jirani asikie."

Nikasema tena, jirani akasikia. Na pengine mtaa mzima.

Bibi aligeukia kioo. "Huyo ndiye. Kilichobaki ni kikohozi tu." Kisha akamla nyumba nzima, akamfuata shimo kwa shimo mpaka babu akabaki mtupu, kama zamani. Alipomaliza akamwambia jirani, "Magharibi leo usije. Nitazihesabu mwenyewe. Nenda kampikie mumeo." Na kijana wa duka aliyekuja kuchukua simu yake pale dirishani, masikini hakuuliza kitu, akaambiwa: "Mkono umekwenda, kichwa kipo."

Jirani akataka kujua kosa lilikuwa nini hasa. Nikamweleza yote, mshenga, mabinti watatu, wa mlangoni na wa mafuta. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza kitu vizuri vile. Alisikiliza mpaka mwisho, kifuu mkononi. Akatazama kompyuta, akatazama vidole vyangu vilivyokuwa bado juu ya vitufe, akainua macho juu ya kabati.

"Mwali," akasema, "ubao ule pale, komwe zimo mfukoni, bibi anataja shimo na wewe mikono unayo miwili mizima. Si ungekaa naye tu ukamsogezea?"